Mashine Iliyopata Mia kwa Mia

Jumatatu, 22 Oktoba 2007

Nimenusurika. Ila si sana.

Asubuhi Bwana Paresh alifika dukani, akafukiza ubani mbele ya picha ya marehemu babake kama kila siku, halafu akaniita ofisini kabla hata Wawira hajaleta chai. Mwito wa ofisini kabla ya chai hauna heri. Nilidhani amejua ni nani aliyevunja taa ya trekta ya yule mteja wa Subukia. Kumbe hajui! Alitaka kuongea kuhusu kompyuta tu.

Wacha niandike vizuri mambo yalivyo, maana siku moja wajukuu watasoma hapa. Duka letu linauza spea za matrekta na kombaini. Mpaka Julai mimi nilikuwa mtu wa uani. Kupakia plau kwenye malori, kushusha magurudumu, kula vumbi la Nakuru bila chumvi. Halafu nikasoma pakeji za kompyuta kule Njoro, wiki sita, nikapata cheti chenye muhuri. Nikamwambia Bwana Paresh kwamba siku hizi duka bila kompyuta ni kibanda. Akanunua tatu. Moja iko kaunta, moja stoo, moja ofisini kwake, na zote zimeungwa kwa waya ili orodha ya spea iliyo kwenye mashine ya kaunta isomwe kote. Tangu siku hiyo nakaa kaunta, kwa kiti kinachozunguka. Mgongo umepona. Mamangu huko Kabazi anaambia watu kanisani kwamba mimi ni meneja. Sijapata nafasi ya kumrekebisha.

Sasa Bwana Paresh anasema mashine zinajikokota. Mteja akiuliza spea, orodha inachukua nusu dakika kufunguka, na kabla haijafunguka Mzee Kimaiyo ameshafika na spea mkononi. Mzee Kimaiyo ndiye mtu wa stoo. Amekaa humo miaka thelathini na moja. Ana sanduku la mbao lenye kadi elfu nne, penseli nyuma ya sikio, na ulimi.

Uamuzi ni huu. Jumamosi tukishafunga kutakuwa na mashindano. Bwana Paresh atataja spea kumi. Mimi nitazitafuta kwa mashine, Mzee Kimaiyo kwa kadi zake. Mashine ikishindwa, zote tatu zinauzwa na mimi narudi uani. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, huku akikunja gazeti. Afadhali angefoka.

Lakini Jumamosi iko mbali! Siku tano nzima! Nilitoka mle ofisini nikapumua mpaka Wawira, anayetupikia chai na kufagia, akaniuliza kama nimetoka kwa hakimu.

Na dawa ninayo tayari. Kabla ya kuja mjini nilikuwa fundi wa bomba kwenye mradi wa maji wa Kabazi. Kule tukiona maji yanafika kidogo, hatuiti kikao. Tunaongeza bomba la pili. Leo nikaingia chini ya kaunta, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikakiangalia kile kiboksi chenye matundu na taa ndogo ndogo ambacho watu wa kompyuta wanakiita swichi. Kingine kama hicho kiko stoo. Kati yao kuna waya mmoja. Mmoja! Habari za duka zima zinapita kwa kitu chembamba kama kamba ya kiatu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee Kimaiyo alipoenda chai, nikachukua waya wa buluu uliobaki tangu Agosti, nikaupitisha kwa tundu lile lile la ukuta, nikachomeka ncha moja kwa swichi ya kaunta na nyingine kwa swichi ya stoo. Papo hapo taa zote zikaanza kuwaka na kuzima kwa kasi. Zamani zilikuwa zinakonyeza moja moja kwa uvivu. Sasa zinacheza.

Sijamwambia mtu. Kesho wataona wenyewe.

Jumanne, 23 Oktoba

Wameona.

Orodha ilichukua dakika nne kufunguka. Halafu ikajifunga. Ya stoo haikufunguka kabisa. Ya Bwana Paresh iligoma kama punda, katikati ya barua aliyokuwa akimwandikia shemeji yake wa Kisumu. Akatoka ofisini ameshika miwani mkononi. Akishika miwani mkononi, mtu anapoteza kazi.

Nikamwambia ni magari ya kampeni. Kweli yalikuwa yakipita tangu asubuhi na vipaza sauti vyao. Nikamweleza kwamba ile sauti ikiwa kubwa sana inaingia kwa waya na kuchanganya habari zilizomo. Halafu akasema uchaguzi ukiisha Desemba atashukuru sana, akarudi ndani akavaa miwani. Mungu si Athumani!

Mzee Kimaiyo alipita na beringi mbili mkononi akaniuliza kama mashine bado iko kwa maombi. Wateja wakacheka. Nami nikacheka, ili ionekane ni utani wetu sote.

Mchana nikaamua adui ni vumbi. Nikaazima pampu ya baiskeli kwa fundi wa jirani, nikapuliza kila tundu la mashine. Likatoka vumbi la kutosha kupanda viazi. Mashine ikabaki vile vile. Wawira akaweka kiganja juu ya boksi akasema inachemka, angeweza kupashia chapati. Nikamwambia hiyo ni dalili ya afya. Ili vumbi lisirudi, nikamwomba kile kitambaa chake cha kusuka kwa uzi, cha maua mekundu, kile alichofunikia redio jikoni. Akanipa kwa shingo upande. Nimekifunika juu ya mashine kikaifunga pande zote, na sasa inapendeza kama sebule ya mwalimu mkuu.

Jioni ilikuwa inachemka zaidi. Feni yake inanguruma mpaka lazima uongee na mteja kwa sauti.

Jumatano, 24 Oktoba

Siku kubwa! Haki ya Mungu, leo nitalala usingizi wa mtoto!

Nilikumbuka kwamba mwalimu wetu wa pakeji alikuwa akibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja mashine ikimsumbua. Nikabonyeza. Nikangoja dakika sita. Ukafunguka ukurasa wenye mistari ya kijani, na pale chini mashine imeandika kiwango cha kazi yake. Asilimia mia.

Mia kwa mia! Mimi darasa la nane nilipata thelathini na nane kwa hesabu na babangu akachinja kuku. Huyu amepata mia, na hakuna swali hata moja alilokosa. Nikakimbia stoo nikaangalia ile ya huko. Mia. Nikasingizia kupanguza ya Bwana Paresh nikaangalia. Tisini na tisa. Sikumwambia.

Kwa hivyo mashine hazina makosa. Zimefanya sehemu yao mpaka juu. Wiki nzima najilaumu bure! Nikauchapa ule ukurasa kwa karatasi. Ilichukua kuanzia saa nne mpaka saa saba kasoro, lakini ulitoka, nikaubandika ukutani kando ya leseni ya biashara. Bwana Paresh aliusoma wote, mpaka tarehe. Akasema hongera. Akauliza pampu ya dizeli ya yule mteja mwenye kofia iko wapi, maana amesimama hapo tangu saa nne. Nikasema mashine inaitafuta kwa nguvu zake zote, na ushahidi uko ukutani. Mzee Kimaiyo alikuwa ameshampa yule mtu pampu yake, na mtu mwenyewe alikuwa amebaki tu kuona mwisho wake utakuwaje.

Hata hivyo moyo umetulia. Ikiwa mashine inafanya mia kwa mia na kazi haiendi, basi kuna mkono wa mtu. Na ninaujua mkono huo. Una penseli.

Alhamisi, 25 Oktoba

Suruali yangu ya kijivu imekwisha. Ile ya kanisani.

Mpango ulikuwa mzuri. Niliomba ruhusa kwenda posta, nikazunguka mlango wa uani, nikaingia stoo nikajificha nyuma ya magurudumu, nimkamate Mzee Kimaiyo akiharibu mashine. Nikakaa. Akaja. Akamenya ndizi, akala. Akasimama mbele ya kompyuta ya stoo akaisalimia, akaiuliza mgonjwa ameamkaje. Nikakaza macho. Akatoa leso mfukoni akapangusa kioo taratibu, akakisogelea sana, karibu pua iguse, akakitazama kwa jicho moja, halafu kwa lingine. Basi. Halafu bila kugeuka akaniambia nikishachoka kukaa juu ya debe la grisi, nije tusukume giaboksi.

Kumbe lilikuwa debe la grisi! Tulisukuma lile giaboksi kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Mgongo ulikumbuka kila kitu. Alinisifu, akasema mikono ya uani haisahau kazi.

Hapo hasira ikanishika, nikafanya jambo ambalo sijivunii. Alipoenda kunawa, nilivuta kadi zake kama hamsini kutoka herufi ya P nikazichanganya na za M. Nikajiambia dawa ya moto ni moto. Dakika tano baadaye nilitamani kuzirudisha lakini alikuwa amesharudi. Saa nzima nilikaa kaunta nikitoka jasho. Nikafikiria mama, nikafikiria jina langu lenyewe, Nicodemus, jina la Biblia kabisa, linafanya vitu kama hivi.

Saa tisa akaja mteja kutafuta pistoni. Herufi P! Nilifumba macho. Nilipoyafumbua Mzee Kimaiyo alikuwa amesharudi nayo. Hakugusa sanduku. Nikamchunguza mpaka jioni, na hakuligusa hata mara moja. Kadi zenyewe hazisomi! Anazo zote kichwani, sanduku ni mapambo tu. Kwa hivyo sijamdhuru mtu yeyote. Nilisikia nafuu mpaka nikamnunulia ndizi.

Baadaye ndipo nikaelewa. Nashindana na kichwa hicho keshokutwa.

Ijumaa, 26 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mzee Kimaiyo hakuweko. Alikuwa na kliniki ya macho, angerudi saa saba. Bwana Paresh akaniambia leo ni mimi na mashine yangu. Saa tatu na nusu akaingia Mama Jebet, mkulima wa ngano kutoka Njoro, viatu vimejaa udongo. Kombaini yake imekata belti kubwa katikati ya shamba. Ekari kumi na nane za ngano iliyoiva zimesimama, na wingu jeusi limekaa juu ya milima ya Mau tangu alfajiri. Mvua ikipiga ngano iliyoiva, imeisha hiyo. Alikuwa na belti iliyokatika begani, akaiweka kaunta.

Nikaandika namba ya belti. Mashine ikaanza kufikiri. Dakika tano. Dakika kumi. Nikaondoa kitambaa cha Wawira, nikakirudisha. Dakika ishirini. Nikakimbilia stoo mwenyewe, nikapanda ngazi, nikaangusha boksi la nati, nikashuka. Rafu ni arobaini na mbili, zote zimejaa mpaka dari. Nikarudi kaunta. Mama Jebet hakuwa amepandisha sauti hata kidogo.

“Kijana wangu,” akaniambia, “ngano yangu haijui kompyuta. Na mvua haitangoja ijue.”

Bwana Paresh alikuwa amesimama mlangoni kwa ofisi, miwani mkononi. Hakuniangalia. Akapiga simu, akamwita fundi. Nikajua kiti kimeenda.

Fundi akaja baada ya robo saa. Nilitegemea mzee mwenye koti jeupe. Akaingia msichana na begi mgongoni, anaitwa Zeddy, amemaliza chuo mwaka jana. Akatusalimu niaje, akasoma ile karatasi yangu ya mia kwa mia ukutani, akauma midomo. Hakufungua mashine hata moja! Alipiga magoti chini ya kaunta akatazama zile taa zinavyocheza, akafuata nyaya kwa kidole mpaka kwa tundu la ukuta, akaenda stoo, akarudi. Akauliza waya wa buluu uliwekwa na nani. Nikasema labda ni wale walioleta mashine. Akaangalia magoti ya suruali yangu, ambayo bado yalikuwa na vumbi la chini ya kaunta la Jumatatu. Halafu akaushika ule waya akauchomoa.

Taa zikatulia. Feni ikanyamaza mpaka nikasikia saa ya ukutani. Na orodha ikafunguka, pap, upesi hata kuliko wiki jana! Nadhani lile vumbi nililopuliza nalo lilikuwa na lake. Belti ya Mama Jebet: rafu ya kumi na saba, juu, nyuma ya vichujio. Nilipanda ile ngazi sijui kama niligusa vipandio. Ilikuweko! Akaitupa begani, akaniambia Mungu akubariki, akaondoka karibu akikimbia. Wingu lilikuwa bado juu ya Mau.

Zeddy akanielezea polepole, kwa sauti ya chini.

“Boss, habari ikitoka hapa inaenda stoo kwa waya mmoja, inarudi kwa ule mwingine, inatoka tena. Inazunguka na kuongezeka bila kufika. Na mashine zote tatu zinaisikiliza kila mara inapopita.”

Nikamuuliza sasa zile alama mia je. Akasema si alama. Ni mzigo. Mia maana yake mashine imebebeshwa mpaka mgongo unakaribia kukatika, haiwezi kumsaidia mtu mwingine. Nikaelewa mara moja, maana nimepakia plau. Akanionyesha ukurasa ule ule wa mistari ya kijani. Ilikuwa nne. Asilimia nne! Akasema hapo ndipo panapofaa. Nikabandua karatasi yangu nikaitia mfukoni kabla Bwana Paresh hajatoka.

Akatoka. Akamuuliza Zeddy shida ilikuwa nini. Zeddy akafunga begi lake, akasema waya ulikuwa umeunganishwa vibaya, sasa iko sawa. Hakuongeza neno. Hakusema ni nani! Nilimsindikiza mpaka barabarani nikimshukuru mpaka akaniambia inatosha. Aliniomba kitu kimoja tu, nisiguse waya wowote tena maishani mwangu. Nikaapa.

Saa kumi na moja ikanyesha Nakuru mjini, mvua ya mawe. Nikasimama mlangoni naitazama. Halafu simu ya duka ikalia. Mama Jebet. Wamemaliza kuvuna, ngano iko ghalani, na huko kwao ndiyo tone la kwanza linaanguka. Nikasema asante mama. Nikaingia stoo nikalia kidogo nyuma ya magurudumu, mahali ambapo hakuna grisi.

Jumamosi, 27 Oktoba

Nimeshindwa, na bado niko kaunta! Nitaeleza.

Saa nane tukafunga milango. Bwana Paresh akakaa na karatasi yake ya spea kumi. Wawira akawa refa. Kinachohesabiwa ni nani ameweka spea kaunta kwanza. Mashine ilikuwa inaruka! Nilichukua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mzee Kimaiyo akachukua ya nne na ya tano bila haraka. Mimi ya sita. Halafu mashine ikanituma rafu ya thelathini na spea haikuweko, kwa sababu Agosti mimi mwenyewe niliandika thelathini badala ya thelathini na moja. Ikanituma tena mahali pengine, kosa langu tena. Akachukua ya saba, ya nane, ya tisa, ya kumi. Sita kwa nne.

Bwana Paresh akavua miwani. Akatazama mashine, akatazama mlango wa uani. Nilianza kuagana na kiti moyoni. Nilikizungusha mara moja ya mwisho.

Mzee Kimaiyo akaketi juu ya kreti, anahema. Akatoa penseli nyuma ya sikio akaiweka kaunta.

“Boss, usiziuze hizi mashine,” akasema. “Jana daktari ameniambia nina mtoto wa jicho, yote mawili. Leo nimezipata kwa kupapasa. Nikienda nyumbani, nani ataingia kwa kichwa changu kutafuta spea?”

Nilikumbuka jinsi alivyosogelea kioo siku ile, na mimi nilidhani anafanya uchawi. Bwana Paresh alitazama picha ya babake, maana ni marehemu aliyemwandika Mzee Kimaiyo kazi. Kisha akasema mashine zitabaki. Na mimi nitabaki. Na Mzee Kimaiyo aende likizo kwao Ravine akapumzike mpaka siku ya kupasuliwa macho, wala asiwe na wasiwasi wa kazi yake.

Wacha! Nilimkumbatia Wawira. Nilitaka kumkumbatia Bwana Paresh lakini alinyoosha mkono mapema.

Halafu tukakaa, mimi na Mzee Kimaiyo, kuanzia saa tisa mpaka jua lilipotaka kuzama. Yeye anasema, mimi naandika. Rafu kwa rafu. Tulirekebisha makosa yangu mia mbili na kumi na sita. Alinitajia mpaka spea ambazo hazikuwa kwenye kadi yoyote, zile ambazo ni yeye peke yake alijua ziko. Nikakiri kwake ile dhambi ya herufi P na M. Akasema aliona siku ile ile, na alingoja tu kujua itanichukua siku ngapi. Akacheka mpaka machozi, macho yake yale mabovu. Akaniambia sasa kichwa chake chote kiko ndani ya mashine, niitunze. Lile sanduku la kadi amepewa Wawira, awashie jiko.

Kwa kuwa Mzee Kimaiyo ndiye aliyekuwa akifungua duka kila asubuhi, Bwana Paresh amenikabidhi ufunguo. Mimi! Nimeufunga shingoni kwa uzi.

Jumapili, 28 Oktoba

Ibada ilikuwa nzuri. Nilitoa shukrani mbele ya watu wote, nikataja Zeddy kwa jina. Sasa ni saa tisa alasiri na niko dukani peke yangu, kumetulia, mji wote umelala. Nimekuja kuhakikisha tu kwamba mashine iko salama. Mtu akikabidhiwa kichwa cha mzee hawezi kukaa nyumbani.

Nilifungua ule ukurasa wa mistari ya kijani. Nne. Vizuri. Lakini nikaanza kufikiri. Mia ni mbaya, nne ni nzuri. Basi sufuri je? Kwa nini mashine ya watu ibebe mzigo wa asilimia nne siku ya Jumapili, hata trekta hupumzika? Nikaona aibu kwamba Zeddy, na masomo yake yote, aliiacha kazi katikati.

Na tazama, ukurasa wenyewe una orodha ya vitu vyote ambavyo mashine inafanya kwa siri, na kitufe cha kusimamisha kila kimoja! Vingi vina majina ya ajabu ambayo hayahusiani na spea. Nimevisimamisha kimoja kimoja. Kila mara mashine ilikuwa ikiniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Vingine vilikuwa vikirudi, vikaidi kweli, kwa hivyo nikavifuata mpaka kwenye makao yao, folda moja kubwa kuliko zote, ambayo nimeikagua mwanzo mpaka mwisho na haina hata beringi moja ndani. Nimefuta chochote ilichokubali kunifutia. Nne ikawa tatu, ikawa moja. Halafu kioo kikawa cheusi, feni ikakata, ikanyamaza kabisa. Sufuri! Nikafanya hivyo hivyo kwa ya stoo na ya Bwana Paresh.

Waya sijagusa hata mmoja. Kiapo ni kiapo.

Orodha ya Mzee Kimaiyo nayo sijaigusa. Imo humo ndani, na mashine tatu zote zimelala fofofo bila mzigo wowote, hata nikibonyeza kitufe cha kuwasha haziamki. Miezi mitatu sijawahi kusikia duka hili likiwa na amani namna hii. Kesho Bwana Paresh akiuliza ni nani aliyefanya kazi hii, sitasingizia mtu mwingine safari hii. Nitamwambia ni mimi.